Mikroomu 45 zisizo za waya: uchambuzi wa kisa cha daraja la Kelvin

Waya wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: shaba tupu, nyuzi saba zilizosokotwa pamoja, milimita za mraba 16, umekatwa kutoka kwenye roli na kuvuliwa ganda la plastiki. Mnunuzi alitaka jibu moja tu, umefaulu au haukufaulu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinataka waya wa ukubwa huo usizidi ukinzani wa omu 1.15 kwa kilomita ukiwa kwenye digrii 20 za Selsiasi. Kwa kipande cha mita moja, hiyo ni miliomu 1.15. Fundi kijana wa maabara yetu alipima kwa daraja la Kelvin, chombo cha kupimia ukinzani mdogo sana, akapata 1.183. Akarudia, 1.183. Akarudia tena, 1.183. Akaandika "haukufaulu" na kuniletea karatasi niweke saini.

"Mzee, nimerudia mara tatu, namba haichezi," aliniambia, na kwa sauti yake nilijua anaona kazi imekwisha.

Sikusaini. Kilichonishtua hakikuwa 1.183. Kilikuwa namba nyingine ndogo pembeni mwa karatasi, kwenye kisanduku cha joto: 20.0. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kukuta chumba chenye digrii 20.0 bila mtu kukihangaikia. Pili, kumbe kule kurudia kwake kulikuwa kuzima na kuwasha. Visu vya kuonja volti havikuguswa, vibanio vya mkondo havikuguswa, waya haukusogezwa. Ukimuuliza shahidi yuleyule swali lilelile mara tatu, utapata jibu lilelile hata kama anasema uongo.

Kabla ya kuingia ndani, jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu waya hizi. Ile "16" si kipimo cha rula. Kiwango hakimwambii mpimaji achukue kalipa apime unene wa nyuzi. Kinasema ukinzani ndio unaoamua. Shaba safi ya kiwango cha kawaida ina ukinzani mahususi wa omu-mita 1.724 × 10⁻⁸, kwa hiyo mita moja ya milimita za mraba 16 kamili ingetoa miliomu 1.078. Msokoto unafanya nyuzi ziwe ndefu kidogo kuliko waya, na kiwanda nacho hakipendi kutoa shaba ya bure, ndiyo maana ukomo umewekwa juu kidogo, 1.15. Muuzaji akipunja shaba, ni ukinzani utakaomuumbua. Na mpimaji akikosea, muuzaji asiye na hatia atalipa. Kati ya 1.138, jibu tulilolipata mwishoni, na 1.183 kuna mikroomu 45 tu (mikroomu elfu moja ni miliomu moja), na kisa chote kimo humo.

Daraja, na kwa nini lile la kwanza halikutosha

Kijana alikuwa ameanza na daraja la Wheatstone, kwa kuwa ndilo lililokuwa mezani, akapata miliomu 40 na ushei. Alijua mara moja kuna kasoro, akaliacha. Alifanya vizuri, lakini inafaa kueleza kwa nini.

Daraja hilo alilieleza kwanza Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Charles Wheatstone alilitangaza mwaka 1843 na akamtaja Christie waziwazi kuwa ndiye mwenye wazo, ila jina likabaki la aliyelitangaza. Matawi manne ya ukinzani yanapangwa kama almasi, betri inafungwa kwenye pembe mbili, galvanomita, yaani chombo cha mshale kinachohisi mkondo mdogo sana, kwenye pembe mbili zilizobaki. Unarekebisha tawi moja mpaka mshale wa galvanomita utulie kwenye sifuri. Hapo uwiano wa matawi ya upande mmoja ni sawa na uwiano wa upande wa pili, na ukiyajua matatu, la nne unalipata kwa kuzidisha na kugawanya. Uzuri wake ni kwamba betri ikilegea kidogo jibu halibadiliki, na galvanomita haihitaji kusema ni kiasi gani cha mkondo kinapita. Inahitaji tu kujua sifuri.

Tatizo ni kwamba daraja hilo halitofautishi kati ya kitu unachokipima na njia ya kukifikia. Ukipima rezista ya omu 100 kwa waya za kuunganishia zenye omu 0.02, kosa ni asilimia 0.02, unaweza kuliishi. Ukipima kipande chenye miliomu 1.15 kwa waya hizohizo, waya za kuunganishia zina ukinzani mara 17 ya kile unachokitafuta. Kimsingi ulikuwa unapima klipu.

William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilitatua hilo mwaka 1861 kwa daraja lenye matawi mawili ya ziada. Kipande kinapewa miguso minne badala ya miwili: miwili ya nje inaleta mkondo, miwili ya ndani, ambayo sisi tunaiita visu kwa sababu ina makali, inaonja volti tu. Rezista sanifu, ile yenye ukinzani unaojulikana ambayo waya unalinganishwa nayo, nayo ina miguso minne. Yetu ilikuwa ya miliomu 1, ya manganini, ile aloi ya shaba, manganizi na nikeli ambayo joto halibadilishi ukinzani wake kwa kiasi cha kusumbua. Kati ya waya unaopimwa na rezista sanifu kuna kiungo kinachopitisha mkondo kutoka kimoja hadi kingine. Tutakirudia hicho kiungo, maana ndicho mhusika mkuu.

Matawi ya nje tuyaite P na Q, ya ndani p na q. Kwenye mashine yetu Q na q ni omu 100 kila moja, na swichi moja inageuza P na p kwa pamoja ili ziende sawa. X ikiwa ni waya, S rezista sanifu, na r ukinzani wa kiungo, basi daraja likitulia:

X = S·P/Q + [q·r/(p+q+r)]·(P/Q − p/q)

Watu wengi husoma sehemu ya kwanza na kuiruka ya pili, kwa sababu vitabuni imeandikwa kwamba P/Q na p/q zikiwa sawa, sehemu ya pili ni sifuri. Zikiwa sawa. Kijana wetu naye aliiruka, na simlaumu sana, maana mimi pia niliwahi kuiruka.

Mshukiwa ambaye hakuwa na hatia

Niseme wazi kwamba nilianza vibaya. Waya wa nyuzi nyingi una tabia yake: kibanio cha mkondo kinashika nyuzi za nje, na ule uzi wa katikati unapata mkondo kwa kugusana na wenzake tu, kupitia utando mwembamba wa oksidi. Ikiwa kisu cha volti kiko karibu mno na kibanio, mkondo haujapata nafasi ya kujigawa sawasawa, na unachosoma si ukinzani wa waya mzima. Kanuni inayofuatwa ni umbali usiopungua mara 1.5 ya mzingo wa kipande. Waya wetu ulikuwa na kipenyo cha milimita 5 na kidogo, mzingo kama 16, kwa hiyo umbali ulipaswa kuwa milimita 24 au zaidi. Nilipopima kwa rula nilikuta 10.

Nilifurahi kama mtu aliyempata mwizi. Tukavisogeza vibanio vya mkondo hadi milimita 60 na kukaza upya, visu vikabaki palepale. Jibu likawa 1.1825 badala ya 1.183. Nusu ya mikroomu. Mchana wote ulikuwa umekwenda na mikroomu 32 zilizozidi ukomo zilikuwa bado ziko palepale.

Nimeliacha hili kwenye maandishi kwa makusudi. Ripoti nyingi huandikwa kana kwamba mpelelezi alijua tangu mwanzo.

Kugeuza mkondo

Kesho yake tulianza na jaribio la bei rahisi kuliko yote, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: kugeuza mkondo. Ukinzani haujali mkondo unaelekea wapi. Volti ya joto inajali, kwa maana kwamba yenyewe haigeuki. Pale metali mbili tofauti zinapogusana na mguso mmoja ukawa na joto kuliko mwingine, kunazaliwa volti ndogo, na hiyo haiulizi pawasaplai imefungwa upande gani. Inajipachika juu ya volti unayoipima: mara inaongeza, mara inapunguza.

Mkondo wetu ulikuwa ampia 5, kwa hiyo kati ya visu viwili kulikuwa na milivolti 5.8 tu. Mbele tulisoma 1.183. Tukageuza, tukasawazisha upya, tukasoma 1.175. Wastani 1.179. Tofauti ya mikroomu 4 kila upande, ukiizidisha kwa ampia 5, ni mikrovolti 20 zilizokuwa zimekaa pale kimya. Visu vyetu ni vya chuma cha kawaida, waya ni shaba, na mgusano wa chuma na shaba unatoa mikrovolti kumi hivi kwa kila digrii moja ya tofauti. Kwa hiyo kisu kimoja kilikuwa na joto kuliko mwenzake kwa kama digrii 2.

Kijana aliuliza swali zuri hapa: kwa nini tusiongeze mkondo mpaka ampia 30 ili mikrovolti 20 zimezwe? Tulilipigia hesabu kwenye kipande cha karatasi. Kwa ampia 5, waya unapata wati 0.03, hausikii chochote. Kwa ampia 30 unapata wati 1 na kidogo. Mita moja ya waya huo ina uzito wa gramu 142 hivi, na shaba inahitaji jouli 0.385 kwa gramu kupanda digrii moja. Maana yake joto la waya lingepanda zaidi ya digrii 1 kila dakika hapo mwanzoni, na ukinzani wa shaba unaongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Tungekuwa tunafukuza kosa la asilimia 0.3 kwa kulikaribisha kosa lingine kubwa zaidi, tena lenye kutembea. Kugeuza mkondo na kuchukua wastani hakugharimu kitu.

Lakini kwa nini kisu kimoja kiwe na joto? Nikainama kuangalia meza. Waya ulikuwa umelazwa juu ya pawasaplai, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Feni ya pawasaplai inatoa hewa upande mmoja. Nikaweka kiganja juu ya bati lake: vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Nikakumbuka tena ile 20.0.

Sikuuliza wakati huo. Nilitaka kumaliza la daraja kwanza, maana ukianza kusogeza vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichobadilisha namba.

Kiungo

Kuna jaribio moja la daraja la Kelvin ambalo nadhani kila anayelitumia angepaswa kulifanya kila asubuhi. Sawazisha daraja kama kawaida. Punguza wepesi wa galvanomita ili usiiunguze. Halafu fungua kiungo kile kinachopitisha mkondo kati ya waya na rezista sanifu, kitoe kabisa, uangalie mshale. Kiungo kikiwa hakipo, daraja linageuka kuwa Wheatstone la kawaida lenye matawi P, Q, p na q, maana X na S ni ndogo mno mbele ya omu 100. Kama p/q ni sawa kweli na P/Q, mshale hautikisiki. Kama si sawa, mshale unakwambia.

Tulifungua. Mshale ulikimbia hadi ukingoni ukagonga.

Kwa hiyo matawi ya ndani hayakuwa yanafanana na ya nje, ingawa swichi ilikuwa inayageuza pamoja. Swichi haijui kilicho nje ya kasha. Tawi la p halianzii kwenye kasha; linaanzia kwenye ncha ya kisu, linapita mguso, linapita waya wa kuunganishia, ndipo linaingia kwenye rezista zilizopangwa vizuri ndani. Nikachukua multimita nikapima kila kisu hadi kwenye shaba. Vitatu vilitoa karibu omu 0.1, ambayo ni waya za kuunganishia tu. Cha nne, kisu cha ndani upande wa waya, yaani kile kilicho karibu na kiungo, kilitoa omu 0.6.

Tukakiinua kisu hicho. Chini yake, kwenye mfereji kati ya nyuzi mbili, kulikuwa na ukanda mwembamba wa plastiki ambao kisu cha kuvulia ganda kiliuacha, mweupe kama ukucha uliokatwa. Makali ya kisu yalikuwa yamepanda juu yake na kugusa shaba kwa pembe tu.

Omu 0.5 katika tawi la omu 118 ni asilimia 0.4. Lakini subiri: hata hiyo si lazima idhuru. Rudi kwenye mlinganyo. Tofauti ya P/Q na p/q, yaani 0.005, inazidishwa na r. Kiungo kikiwa na ukinzani mdogo sana, kosa linakufa. Thomson aliweka matawi ya ndani kwa sababu hiyohiyo, ili kiungo kisiwe na usemi. Makosa mawili yanahitajiana: mguso mbaya peke yake hauna nguvu, kiungo kibaya peke yake hakina nguvu. Vikikutana ndipo vinazaa.

Kiungo chetu kilikuwaje? Kile cha asili, bamba la shaba lenye unene wa kidole, kilikuwa kifupi mno kwa waya wa mita moja, kwa hiyo mtu fulani, zamani, alikitoa na kuweka kipande cha waya laini chenye klipu ncha zote mbili. Hakuna aliyeandika popote. Nikaweka milivoltimita juu yake mkondo ukiwa ampia 5: milivolti 40. Hiyo ni miliomu 8. Waya tunaoupima ulikuwa unapata milivolti 5.8, na kiungo ambacho hakipaswi kuwa na habari kilikuwa kinakula karibu mara saba ya hiyo.

Weka namba: q/(p+q+r) ni 100 kwa 218.4, yaani 0.458. Zidisha kwa 0.008 na kwa 0.005, unapata omu 0.0000183, mikroomu 18. Na alama yake ni hasi: X halisi ni ndogo kuliko tunavyosoma kwa mikroomu 18. Kutoka 1.179 tunashuka hadi 1.161.

Hesabu ni hesabu, nilitaka kuiona. Tuliacha kisu kichafu vilevile na kubadilisha kiungo tu, tukaweka bamba nene la shaba lililokazwa kwa bolti, lenye miliomu 0.2. Tukasawazisha pande zote mbili za mkondo. Wastani: 1.161. Kisha tukatoa ule ukanda wa plastiki, tukapitisha msasa laini, tukafuta kwa spiriti, tukashusha kisu palepale. 1.160. Tukafungua kiungo tena na mshale ukatikisika kidogo tu, ukarudi.

Kijana alikuwa kimya. Baadaye akasema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: uchafu ule ungekuwa chini ya kisu cha nje, kile kilicho mbali na kiungo, badala ya cha ndani, P yenyewe ingekuwa na omu 0.5 zaidi ya inavyosomeka kwenye swichi, na kosa lingeelekea chini. Ni kweli. Tungesoma ukinzani mdogo kuliko ulivyo, kwa asilimia 0.4 hata kiungo kikiwa kizuri, na kwa kiungo kile cha miliomu 8 zaidi ya hapo. Waya mbovu ungefaulu, na hakuna mtu ambaye angekuja kulalamika.

Digrii 20.0

Sasa joto. Nilimuuliza alikoipata ile 20.0. Akaelekeza kidole ukutani, kwenye rimoti ya kiyoyozi.

Alinakili alichokiomba chumba, si alichokipata. Kipimajoto cha mezani kilisema 23. Nikafunga kihisi chembamba kwenye waya wenyewe, pale juu ya pawasaplai, nikakifunika kwa sponji ili hewa isikidanganye: 25.0.

Kurekebisha kwa shaba ni kazi ya mstari mmoja. Unazidisha ukinzani kwa 254.5 na kugawanya kwa 234.5 ukijumlisha joto la waya. Kwa digrii 25.0 hiyo ni 254.5 kwa 259.5, yaani 0.9807. 1.160 inakuwa 1.138.

Ilikuwa imepita chini ya ukomo. Lakini sikutaka kutoa jibu ambalo limesimama juu ya marekebisho, hasa baada ya siku mbili za aibu. Tukaulaza waya kwenye beseni refu la mafuta yanayokorogwa, yaliyoshikiliwa kwenye digrii 20.0 za kweli safari hii, tukauacha saa mbili, tukapima. Mbele 1.1382, nyuma 1.1379. Volti ya joto ilikuwa karibu imetoweka, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu visu vyote viwili sasa vilikuwa vinaogelea kwenye joto moja. Tukainua visu, tukavishusha upya, tukarudia mara tano, na safari hii kurudia kulikuwa kurudia. Namba haikutoka nje ya 1.137 na 1.139.

Kwa hiyo zile mikroomu 45: joto 22, kiungo na kisu 18 na ushei, volti ya joto 4. Zote zilielekea juu. Hilo ni bahati mbaya, wala halikuwa na sababu ya pamoja zaidi ya meza iliyojaa vitu.

Jibu lina uhakika gani? Rezista sanifu ina cheti cha asilimia 0.02. Joto la mafuta tunaliamini hadi sehemu ya kumi ya digrii, ambayo kwa shaba ni asilimia 0.04. Umbali kati ya visu, milimita 1000, tunaujua kwa nusu milimita, asilimia 0.05, watu husahau kwamba hapa rula ni chombo cha umeme kama vingine. Galvanomita inaonyesha mikrovolti 1, ambayo kwa matawi yetu na ampia 5 ni mikroomu 0.43, tena asilimia 0.04. Ukizijumlisha kwa mraba ni asilimia 0.08, na ukiziongeza maradufu kwa tahadhari, hazifiki mikroomu 2. Nafasi hadi kwenye ukomo ni mikroomu 12. Nilisaini: miliomu 1.138 kwa mita, umefaulu.

Kilichobaki ni kile kiungo cha klipu. Hatukujua kiliwekwa lini, na daraja hilo hupima pia waya wanene kuliko huo. Ukomo wa milimita za mraba 95 ni omu 0.193 kwa kilomita, yaani mikroomu 193 kwa mita. Mguso mchafu kama ule, na kiungo kama kile, ungeharibu jibu la waya huo kwa karibu asilimia 20, kwenda upande wowote kutegemea kisu kipi kimechafuka. Tulitoa mafaili ya nyuma na kutenga yote yaliyofaulu au kukataliwa kwa chini ya asilimia 20. Yalikuwa kumi na moja. Saba tulikuwa bado na vipande vyake stoo, na kijana alianza kuvipima jioni ileile, kiungo cha bamba kimekazwa, kipimajoto kimefungwa kwenye shaba. Wenye yale manne yaliyobaki tuliwaandikia barua, tukawaomba sampuli mpya na kuwaeleza kwa nini.

Waya wa kwanza kati ya zile saba ulikuwa umefaulu zamani. Kijana aliupima mara mbili, akanyanyua visu, akaupima mara ya tatu, akaja kusimama mlangoni kwangu na karatasi mkononi. Ulikuwa umezidi ukomo.